Na Maneno Yangu?

Kazi yangu ni kuhamisha watu. Siwatoi nyumba hii kuwapeleka ile. Nawatoa kwenye kompyuta ya zamani nawaingiza kwenye mpya, nao wamekaa palepale kwenye kiti kilekile wakinywa chai. Ofisini kwetu, hapa Songea mjini, wananiita dada wa kompyuta, hata wale wenye umri wa kunizaa. Nimezoea.

Mwaka tulioletewa kompyuta mpya kumi na moja kwa mpigo nilifurahi kuliko waliopewa. Mimi ni mtu wa mpangilio. Nikiona mtu amejaza mafaili mia mbili juu ya uso wa kompyuta mpaka picha ya watoto wake haionekani, mkono unaniwasha. Nikiona faili limeitwa "barua mpya", jirani yake "barua mpya ya mwisho", na la tatu "barua mpya ya mwisho kabisa", napata hasira, na sioni haya kusema hivyo. Kwa hiyo niliandaa orodha ya kuhamisha, nikaichapa vizuri. Mafaili. Picha. Barua pepe. Anwani. Printa. Maneno ya siri. Hata picha ya kwenye kioo niliiweka, kwa sababu mtu mzima anaweza kununa siku nzima akikosa sura ya mjukuu wake. Kila kilichohamishwa nilikiwekea alama ya vema, mwenye kompyuta akatia sahihi chini, na mimi nikatia yangu.

Mwisho wa fomu kulikuwa na mstari mmoja zaidi: kompyuta ya zamani imefutwa. Hiyo ilikuwa ahadi yangu kwa mkuu wa ofisi, maana zile za zamani zilikuwa zinakwenda kwenye shule moja ya msingi upande wa Namtumbo, na si vizuri watoto wa watu wakutane na barua za ofisi. Kumi nilizimaliza bila shida. Ya kumi na moja ilikuwa ya mama mhazili.

Mama mhazili alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alianza kazi enzi za taipureta, na kompyuta nayo aliipiga vilevile, kwa vidole vyote kumi na kwa nguvu, mpaka kikombe kwenye meza ya jirani kinatikisika. Alikuwa ameifumia kitambaa mwenyewe, cheupe chenye kingo za bluu. Kila jioni aliivika, kila asubuhi aliivua, akakikunja kitambaa mara nne na kukiweka kwenye droo. Mashine yenyewe ilikuwa nzee kuliko zote. Ukiiwasha inaunguruma kama mashine ya kusaga, na unaweza kwenda kuchukua chai ukarudi ikiwa bado inajifikiria. Mara tatu nilimwambia tuibadilishe, mara tatu akaniambia wamezoeana.

Nilimfikia asubuhi moja ya Julai, katika ile baridi inayofanya watu waingie ofisini na makoti na wakae nayo mpaka saa sita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kiti. Nikamsomea orodha yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja, halafu akauliza kwa sauti ya chini kidogo.

"Na maneno yangu? Yatakwenda?"

"Maneno yako yamo, mama. Yote yatakwenda."

Hapo ndipo nilipokosea. Katika kazi yangu, mtu akisema maneno yangu, anamaanisha maneno ya siri, yale ya kufungulia kompyuta na barua pepe. Ya kwake niliyajua yalipo: yameandikwa kwenye kikaratasi ndani ya droo, chini ya kile kitambaa, kama ya watu wote yalivyoandikwa kwenye vikaratasi chini ya kitu fulani. Nikamwonyesha kikaratasi, nikamtania kwamba hata mwizi asiyejua kusoma angekiona. Alicheka kwa adabu. Kisha akanitazama kama mtu anayetaka kuongeza jambo, akaona huyu mtoto amesoma, anajua anachofanya, akanyamaza. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Mimi siku ile sikuuliza, maneno gani.

Kufikia mchana kazi ilikuwa imeisha. Ili kumthibitishia, nilifungua barua yake moja ya zamani kwenye kompyuta mpya. Ikafunguka vizuri, na chini ya karibu kila neno kulikuwa na ule mstari mwekundu wa mawimbi. Sikuushangaa. Sisi tunaoandika Kiswahili kwenye mashine iliyofundishwa Kiingereza tumezoea ukurasa mwekundu. Kila neno ni kosa, hata salamu ni kosa, na ukishaandika miaka kadhaa macho hayauoni tena mstari wenyewe. Mama mhazili aliuona. Alivaa miwani, akasogea, akautazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Nilimuuliza kama kila kitu kiko sawa. Akasema mashine ni nzuri, inawaka haraka, akatia sahihi.

Ikabaki ile ya zamani. Kuifuta kompyuta kabisa, mpaka asiwepo wa kufufua kitu, kunachukua karibu nusu siku, na kwa mashine ile mgonjwa kungechukua zaidi. Nilizifuta barua zake kwa mkono, nikaliondoa neno la siri ili mwalimu wa huko asihangaike, nikajiandaa kuanza kule kufuta kwenyewe. Umeme ukakatika. Dereva wa gari la Namtumbo alikuwa ameshapakia zile kumi, anapiga honi getini. Nikachomoa waya, nikambebesha na ya kumi na moja, nikarudi mezani kwangu. Penye mstari wa kompyuta ya zamani imefutwa nikaweka alama ya vema. Nilijiambia hakuna kilichobaki mle, na kwa maana niliyoijua mimi haukuwa uongo mkubwa. Lakini uongo ulikuwa.

Siku nne baadaye nilipita mezani kwa mama mhazili, wakati wa mapumziko ya mchana, kumuuliza kama ameizoea mashine. Sikumkuta akiandika. Mbele yake kioo kilikuwa kimefungua kidirisha kidogo, cheupe, hakina kitu ndani. Pembeni alikuwa na kipande cha karatasi alichokijaza vineno, akavifuta, akavijaza tena.

Kidirisha kile nakijua. Ni orodha ya maneno ambayo mwenye kompyuta ameifundisha mashine yake: neno likipigiwa mstari mwekundu, unalibonyeza, unaiambia mashine ilikubali, nayo inaliweka kwenye orodha na haiwezi kulikataa tena. Ofisi nzima sikudhani kuna mtu anayejua kwamba orodha hiyo ipo, achilia mbali kuifungua. Nikamuuliza nani alimwonyesha.

Akanieleza, taratibu, bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Fundi aliyekuwepo kabla yangu ndiye aliyemwonyesha, zamani, siku mama huyu alipomlalamikia kwamba mashine inaona Kiswahili chake chote ni makosa. Tangu siku hiyo akawa anaifundisha. Alianza na maneno ya kazi: Yah, Kumb., masijala, mtendaji, nakala kwa. Neno moja leo, mawili kesho, mpaka barua zake zikawa safi, ndizo barua pekee za Kiswahili zisizo na wekundu kwenye kioo katika jengo lote. Baadaye akaingiza majina ya watu. Na miaka hii miwili ya mwisho akawa anaingiza maneno ya mama yake mzazi.

Mama yake alikuwa akiishi naye Mshangano, pembeni mwa mji. Uzee ulipoanza kumla kumbukumbu, ulianza na Kiswahili. Kiswahili bibi yule alijifunza ukubwani, sokoni na kanisani, na kilimwacha kwanza kile kilichokuja mwisho. Akabaki na Kingoni chake cha utotoni. Binti yake, kwa upande wake, alipelekwa bwenini kwa masista akiwa mdogo sana, na huko mtu alikaripiwa akionekana anasema kilugha. Alirudi na Kiswahili safi na maandishi ya kupendeza. Sasa wakawa nyumba moja, mama na mwana, wanakutana kwenye maneno machache tu: manji, yaani maji, hinu, yaani sasa. Aliyekuwa akiwaunganisha ni mama yake mdogo, aliyeishi nao. Bibi akisema neno, mama mdogo analieleza, na kesho yake mama mhazili anaenda nalo ofisini. Anafungua ukurasa mtupu, analiandika. Mstari mwekundu unakuja, anaiambia mashine ilikubali, mstari unaondoka. Basi anaufunga ukurasa bila kuuhifadhi, kwa sababu mashine imeshakubali.

"Na maana zake uliziandika wapi, mama?"

"Maana nilikuwa nazo kichwani. Ila kichwa changu hiki, nisipoliona neno, maana nayo haiji."

Ndiyo sababu kila jioni, kabla hajaivika mashine kitambaa chake, alifungua kidirisha kile akayapitia maneno yote toka la kwanza mpaka la mwisho, midomo ikichezacheza, kama mtu anayesali rozari. Halafu ndipo anakwenda nyumbani kuongea na mama yake. Mama mdogo alifariki wakati wa Kwaresima. Tangu hapo ilibaki ile orodha peke yake.

Nilimuuliza kwa nini hakuyaandika kwenye daftari. Nilivyouliza tu, nikajuta.

"Si mlisema tuache makaratasi?" alisema. "Mlisema karatasi linapotea, kompyuta haipotezi."

Aliyesema hivyo ni mimi. Nilisema ukumbini, nimeshika kipaza sauti, na watu wakapiga makofi. Niliona aibu, ya kweli, ile inayopanda toka shingoni.

Lakini hakuwa analilia orodha nzima. Alikuwa analitafuta neno moja. Wiki ile baridi ilikuwa imezidi, na kila asubuhi mama yake alikuwa akiomba kitu, kwa neno lilelile, akionyesha kwa mkono. Neno hilo alikwisha kulitumia mwaka uliopita msimu kama huo, mama mdogo akalieleza, na mama mhazili akaliweka kwenye mashine. Sasa alimletea manji, bibi akatikisa kichwa. Akamletea uji. Akamletea rozari yake, akamwongezea blanketi, akamvisha soksi. Bibi alitikisa kichwa, akasema tena, mara ya mwisho akiwa karibu kulia. Majirani wale karibu wote ni wageni waliojenga juzijuzi, na meno ya bibi yamekwisha, anachosema hakishikiki ila kwa aliyemzoea. Mama mhazili mwenyewe alichokumbuka ni mwanzo wa neno tu.

"Linaanza na ku," aliniambia, akinionyesha kile kikaratasi.

"Mama, nusu ya maneno ya dunia hii yanaanza na ku."

Alicheka, akacheka kweli. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani kufutwa.

"Jana hakuomba," alisema. "Aligeukia ukutani tu."

Nilichokuwa nacho ni uongo wangu kwenye fomu. Nikamwambia kwamba kompyuta yake sikuifuta. Niliandika imefutwa, sikuifuta. Barua ndizo nilizoondoa. Orodha ile hukaa kwenye folda lililofichwa ambalo mimi mwenyewe sikukumbuka kulitazama, na kama huko ilikokwenda hakuna aliyeligusa, huenda ipo. Alinisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi. Nilingoja aniambie jambo kuhusu fomu, maana fomu zote hupita mezani kwake. Aliuliza tu kama Namtumbo nitafika na kurudi siku moja.

Nilikwenda Jumamosi. Basi la kuelekea Tunduru lilinishusha Namtumbo, nikachukua bodaboda mpaka shuleni. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, yamelundikwa mbele ya nyumba, na kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku watu walikuwa wanapanga majani wakizungumza kwa sauti za kivivu za Jumamosi. Mwalimu mkuu anaishi palepale shuleni. Alipojua mimi ndiye niliyezituma zile kompyuta, alisimama mlangoni mwa ofisi yake, akauziba kabisa, akidhani nimekuja kumnyang'anya. Nilimwambia nimekuja kumalizia kazi niliyosaini kwamba nimeimaliza. Akafikiri kidogo, akanipisha.

Ya mama mhazili ndiyo aliyokuwa ameichagua yeye mwenyewe kati ya zote kumi na moja, kwa sababu ndiyo pekee iliyowaka bila kumuuliza neno la siri wala jina. Alikuwa ameifunika kwa kanga. Umeme wao ni wa jua, na mashine ilipoanza kuunguruma niliogopa itaumaliza wote. Nikalifungua lile folda lililofichwa. Faili lilikuwepo.

Nililifungua nikalitazama. Maneno tu, moja kila mstari, kuanzia a, bila maana, bila namba, Kiswahili cha ofisini kimechanganyika na Kingoni. Nikalinakili kwenye flashi mbili na kwenye simu yangu, kwa sababu siku ile sikuiamini hata mifuko yangu. Ndipo nikaona katikati ya maneno majina ambayo si ya ofisini kwetu, mengi, ya watoto. Kumbe mwalimu naye, ndani ya siku chache zile, alikuwa anaandika mtihani wa majaribio wa darasa la saba na orodha ya wanafunzi, na akaigundua ile njia mwenyewe kwa kubonyezabonyeza. Nilimuuliza kwa nini alihangaika. Akasema ule mstari mwekundu chini ya jina la mtoto unamkera. Mtoto hajakosea kuitwa hivyo.

Basi nikamfungulia mwalimu sehemu yake mwenyewe ndani ya mashine. Cha kwanza kumhamishia kilikuwa majina yale, cha pili mtihani wake. Vya ofisi yetu vilivyobaki nikavifuta mpaka mwisho, nimekaa nimeviangalia, na mchana wote ukaishia pale nikila mihogo ya mwalimu.

Jumatatu nilimkuta mama mhazili ameshafika. Nilimwamkia, nikakaa, nikaiweka orodha mahali pake kwenye kompyuta mpya, nikakifungua kidirisha. Kikajaa. Akavaa miwani. Nilitaka kuondoka nimwache, akanishika mkono wa koti, nikabaki nimesimama.

Alianza na la kwanza. Hakuruka hata moja, na alipofika kwenye majina ya watoto wa watu alisita, nikamwambia hao ni wa Namtumbo, akaitikia kwa kichwa na kuendelea. Alipofika kwenye ku alipunguza mwendo. Kufuatilia, kuidhinisha, kukabidhi, maneno yake ya miaka yote, na katikati yao mengine ambayo mimi sikuyajua. Chini kidogo ya kuwasilisha aliweka kidole juu ya kioo, na kidole kikakaa hapo.

"Jua," alisema. "Anataka jua."

Alinigeukia akanieleza, japo nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Zamani, asubuhi za baridi, wazee walitolewa nje wakaketishwa ukutani, upande wa mashariki, mpaka joto liwaingie. Maana ya neno lile ndiyo hiyo: kuota jua. Mama yake alikuwa anaomba atolewe nje.

"Na mimi nilikuwa namfungia madirisha," alisema.

Alikwenda kuomba ruhusa kwa mkuu, akarudi kuchukua mkoba, akatoka. Ilikuwa saa tatu na nusu, jua ndiyo kwanza linapata nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliiacha kompyuta wazi bila kuivika.

Nilikaa kwenye kiti chake ili niifunge. Sikuifunga mara moja. Nilijiambia naangalia kama orodha imekaa sawa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nachungulia, jambo ambalo fundi haruhusiwi. Nikaona majina ya wakuu wa ofisi watatu waliokwisha kuhamishwa. Nikaona la mlinzi, la dereva wa gari la Namtumbo, la mama anayetuletea vitafunwa. Nikaona na langu.

Jina la baba yangu ni la Kimatengo, la kule milimani Mbinga, na mwanzo wake una herufi zinazowachosha watu wa kwingine. Chuoni liliandikwa kwa namna nne tofauti. Kwenye kompyuta yangu mwenyewe, mimi dada wa kompyuta, lina mstari mwekundu mpaka leo, chini ya kila barua ninayotia sahihi, na sijawahi kuona sababu ya kuuondoa. Mama mhazili aliuondoa kwenye yake. Alifanya hivyo bila shaka siku alipoandika barua ya kunipokea kazini, wakati hanijui, wiki yangu ya kwanza. Miaka yote ile kulikuwa na mashine moja katika jengo lile iliyoambiwa kwamba mimi si kosa, nami nusura niifute. Machozi yalinilenga, nasema wazi. Nikatoa kitambaa kwenye droo nikaivika, ingawa ilikuwa asubuhi.

Siku hiyohiyo nilitoa fomu ya kumi na moja kwenye faili, nikaikata ile alama ya vema, nikaandika tarehe ya kweli, nikampelekea mkuu. Alinigombeza, na alikuwa na haki. Orodha yangu ya kuhamisha niliichapa upya. Chini ya maneno ya siri sasa kuna mstari mwingine, unasema maneno ya mtu. Wenzangu wa mikoani nikiwatumia huniuliza maana yake nini, nami huwaambia wamuulize mwenye kompyuta.

Wiki mbili baadaye mama mhazili alinialika nyumbani kwake Mshangano, nije mapema tunywe chai. Nilifika saa tatu asubuhi, baridi bado ipo kwenye vivuli. Bibi alikuwa nje, upande wa nyumba unaotazama mashariki, kwenye kiti cha mbao chenye mto, mgongo umeegemea ukuta. Blanketi alikuwa amelisukuma likaanguka miguuni. Uso ameuinua, macho ameyafumba. Mwanawe aliniambia huwa anakaa hivyo mpaka saa tano, na akirudishwa ndani siku hizi anakula.

Nilimsogelea, nikainama, nikamwamkia shikamoo bibi. Alifumbua macho akaniangalia, kisha akamuuliza mwanawe jambo kwa Kingoni. Mwanawe akamjibu, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nikauliza wamesemaje.

"Ameuliza wewe ni nani. Nimemwambia ndiye aliyepoteza malovi, maneno yangu, kisha akayafuata."

Bibi aliendelea kunitazama. Siwezi kuficha, nilitegemea baraka. Nilikuwa nimesafiri, nimegombezwa, nimekiri, na uso nilishauandaa kuipokea. Bibi akasema kitu kifupi, kwa ukali kidogo, na ndani yake nikasikia neno linaloanza na ku, lile lililo chini kidogo ya kuwasilisha.

Mama mhazili akafungua mdomo ili anitafsirie. Sikumngoja. Nilitazama chini nikaona kivuli changu kimemfunika bibi toka kifuani mpaka magotini, nikasogea.